Vitambaa Vyeupe vya Mtaa wa Kiwandani

Jumapili, 2 Juni

Uniwie radhi, shajara yangu. Miezi minne sijakugusa. Nilikuwa nimekuapia kwamba sitaandika tena mpaka nichaguliwe kuwa mwenyekiti wa chochote. Sijachaguliwa. Naandika hivyo hivyo.

Lakini nafasi imejitokeza. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kinaomba leseni mpya, na vikundi vya mtaani vimeunda mtandao wa kuipinga: washonaji, waosha magari, wafuga kuku, mafundi viatu, na sisi wastaafu. Idara ya Mazingira itatusikiliza Alhamisi, tarehe 13. Msemaji ni mmoja tu. Nani mwingine, kama si mwalimu wa miaka thelathini na sita? Mke wangu ameniambia niende kwa ajili ya kifua chake, si kwa ajili ya kiti. Anakohoa tangu bomba la pili la moshi liwashwe. Nimemhakikishia kwamba nitavishughulikia vyote viwili.

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano, chumbani kwa washonaji. Sikuelewa kitu. Hakuna meza kuu! Viti vimepangwa duara. Anayeongoza leo si aliyeongoza juzi, na wa kesho hajulikani. Muuguzi wa zahanati alieleza jambo refu kuhusu vitambaa vyeupe: kila nyumba itundike kimoja kambani siku saba, kisiguswe. Sababu haikunifikia. Nilikuwa nikichunguza nani anatazamwa zaidi. Bila shaka ni mabango ya maandamano, yanaanikwa kwanza.

Mkubwa nimempata: fundi viatu, wanayemwita Kisigino. Alikaa karibu na mlango. Wakubwa hukaa karibu na mlango wapate kuondoka kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Nimeng'oa soli ya kiatu changu kizima kwa nyundo, nipate sababu ya kwenda kwa Kisigino. Nikasifu uzi wake, sindano yake, hata kigoda chake. Nikamdokezea kwamba mtandao unahitaji msemaji mwenye heshima zake. Akajibu, misumari mdomoni: "Mzee wangu, hapa hakuna mkubwa. Kila kikundi sauti moja. Tukikubaliana wote, basi."

Nikatabasamu. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyosema. Akaongeza kwamba soli hii haikung'oka, imeng'olewa. Hana adabu, lakini macho anayo.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi! Vitambaa arobaini na viwili vimeletwa kwangu, kwa kuwa kabati letu lina kufuli. Muuguzi amesema mara tatu visifunguliwe mpaka kikaoni. Nimevifungua. Mtunzaji ajue anachokitunza.

Lahaula! Vyeusi! Vimejaa masizi, vimenipaka mpaka viwiko. Mabango ya namna hii ndiyo tuwapelekee maofisa? Sasa najua hasara ya kukosa mwenyekiti: hakuna wa kuwaambia watu wafue. Mke wangu yuko kwa dada yake, anapumzisha kifua, hadi kesho jioni. Hakuna wa kushauriana naye. Nimeamua peke yangu, kama kiongozi.

Jumatano, 12 Juni

Dobi aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia nilikuwa na hakika kabla hajazaliwa. Alibadilisha maji mara tano, kila mara yakatoka kama lami. Akanung'unika kuhusu beseni lake. Nikanyamaza kwa hekima.

Saa kumi vilirudi: vyeupe pe! Vimetiwa wanga, vimepigwa pasi, vimekunjwa pembe nne. Namba za nyumba zilizoandikwa pembeni zimetoka pamoja na uchafu. Si neno. Mwandiko ulikuwa mbaya. Mke wangu amerudi, akauliza harufu hii ya sabuni ni ya nini. Nikamwambia asubiri kesho.

Alhamisi, 13 Juni

Sielewi. Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Nililifungua sanduku la vitambaa mwenyewe mbele ya ofisa. Muuguzi akashika kichwa. Kisigino akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mwalimu, umefua ushahidi!" Mke wangu alinitazama tu, akakohoa.

Meneja wa kiwanda alifurahi mno. Akaomba iandikwe kwamba wananchi wenyewe wameleta vitambaa vilivyokaa hewani siku saba, vyote vyeupe kama maziwa. Nikasimama nikamshukuru. Ni mimi peke yangu niliyeshukuru.

Ofisa alikuwa ameketi dirishani tangu asubuhi, upande wa bomba la moshi. Joto lilimzidi. Akachukua kitambaa kimoja, akajifuta uso na shingo. Akakitazama. Akakigeuza. Akamwuliza meneja, pole pole, hii ni nini. Meneja akasema labda ni jasho. Ofisa akasema tangu azaliwe jasho lake halijawahi kuwa jeusi.

Kikao kimeahirishwa hadi tarehe 24. Vitundikwe vitambaa vipya, na mara hii atavikusanya ofisa mwenyewe. Vikiwa safi, kiwanda kitapata leseni ya miaka kumi.

Njiani mama mmoja mshonaji akaniuliza: "Baba, ukiona shati la damu mahakamani, utalifua?" Nikamjibu inategemea ni shati la nani. Waosha magari walicheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi, 15 Juni

Mtandao umekutana bila mimi. Vikundi vyote, hata wastaafu wenzangu, vimekubaliana kwamba nisiguse kitambaa chochote. Sijapata kuwaona wakikubaliana haraka hivyo. Mke wangu ametundika chetu uani. Akasema jana hakupata usingizi kwa kifua, hii ndiyo nafasi ya mwisho, na nikikigusa kwa mkono wangu atahamia kwa dada yake moja kwa moja. Nimeapa.

Lakini sasa nimeelewa. Kumbe wanataka uchafu! Si wangesema tangu mwanzo? Nimepita kwa Kisigino nikachungulia uani: kitambaa chake kimeanza kuiva vizuri, chetu bado kinang'aa. Aibu iliyoje! Mke wangu alipotoka kwenda zahanati, nilitwanga mkaa, nikauchanganya na mafuta ya taa, nikakipaka pande zote mbili kwa brashi ya viatu. Kwa brashi, si kwa mkono. Kiapo kimesimama.

Kimekuwa cheusi kuliko vyote mtaani. Tena kinanuka. Ofisa hatakosa kuuliza nyumba hii ni ya nani, na hapo msemaji atajulikana. Hotuba iko tayari, kurasa kumi na moja. Uamuzi ukishatolewa tarehe 24, nitauandika hapa kwa wino mwekundu.