Mikunga, Kasha na Kidole cha Mechteld

Jumatano, 6 Desemba. Brussels.

Asubuhi nimekuta kiatu changu mlangoni mwa ofisi kikiwa na herufi H ya chokoleti na shairi. Halina jina. Jana ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, watu huacha viatu mlangoni vitiwe zawadi, kwa hiyo hilo si ajabu. Kila Mholanzi hupewa shairi la utani lisilo na jina, na adabu ni kucheka. Nimecheka. Kisha nimefunga mlango nikalisoma mara tisa.

Mkunga na Hoekzema, ni ndugu, hawashikiki,
Uliza wanakokwenda, wenyewe hawakumbuki.

Hawashikiki! Nani anataka kunishika mimi, Wiebren Hoekzema? Na kwa nini sasa? Jumamosi ya wiki ijayo kamati ya chama inapanga orodha ya wagombea wa Bunge la Ulaya. Tunatarajia viti viwili tu, na wanaovitaka ni wengi. Wabunge tulioko sasa ni wawili: mimi na Mechteld Strootman. Alhamisi, siku mbili kabla yake, ripoti yangu ya mikunga, wale samaki watelezi kama nyoka, inapigiwa kura. Ikipita pamoja na Kifungu cha Sita, kinachowaruhusu watu wetu kuendelea kukausha mikunga kwa moshi wa kuni, kiti ni changu. Kisipopita, narudi kwetu Oosterwiel kufundisha jiografia.

Mwandiko una mkia mrefu kwenye herufi k. Mechteld ana mkia mrefu kwenye k. Nami nina mkia mrefu kwenye k, lakini mimi sikuliandika.

Ijumaa, 8 Desemba. Brussels.

Leo ni siku ya makasha. Kila mwezi tunahamia Strasbourg kwa siku nne, na kila mbunge huacha kasha lake la plastiki nje ya mlango, lori lilichukue. Nimesubiri ukumbi uwe mtupu. Nimebandua karatasi ya jina kwenye kasha la Mechteld nikaibandika kwenye langu. Ya kwangu nikaibandika kwenye lake. Dakika moja na nusu! Kazi safi.

Gerda, katibu wangu, akanikuta nimepiga magoti. Akauliza kulikoni. Nikasema nimeangusha kifungo cha shati. Akanitazama juu hadi chini, akasema shati lina vifungo vyote, bosi, kifungo kilicholegea kiko kichwani.

Gerda ana miaka ishirini na sita katika kazi hii. Anaelewa mengi. Mengi mno.

Jumatatu, 11 Desemba. Strasbourg.

Kasha la Mechteld limefika ofisini kwangu. Nimefunga mlango na kulifungua. Orodha ya vilivyomo: soksi za sufu, jozi tatu. Siagi ya karanga, kopo moja. Kijitabu changu mwenyewe kuhusu mikunga, kimepigiwa mistari kwa kalamu ya kijani. (Anatafuta makosa!) Na chini kabisa, karatasi yake ya mwongozo wa kura. Kwenye kila kifungu changu ameweka alama ya kujumlisha. Anaunga mkono vyote! Pembeni ya Kifungu cha Sita ameandika: "Muhimu sana kwa Wiebren."

Nilikaa kitini nikiwaza. Mpinzani wako akuandikie "muhimu sana"? Haiwezekani. Karatasi hii imewekwa humo ili niione. Alijua nitalifungua kasha! Mwanamke hatari.

Jumanne, 12 Desemba. Strasbourg.

Mechteld amekuja mwenyewe akisukuma kasha langu. Akasema, mwenzangu, hili limepotea njia likaja kwangu, nami nimelifungua kwa kuwa lina jina langu. Juu kabisa nilikuwa nimeweka faili langu jeusi: MAKOSA YA MECHTELD, A HADI Z.

Hakulitaja. Akachukua soksi zake na siagi yake, akaniambia nijifunge skafu, baridi ya mtoni haina mzaha. Alipotoka nikalifungua faili. Amenisahihisha tahajia mahali pawili, kwa penseli. Na chini ya M ameongeza kwa mkono wake: "Mkaidi. Ulisahau."

Huo ni utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda. Nini kimepangwa?

Jumatano, 13 Desemba. Strasbourg.

Gerda ameleta karatasi ya mwongozo wa kura iliyochapwa na kundi letu, inayosema tubonyeze nini. Nikamuuliza imepita mikononi mwa nani. Akasema mwa watu kumi na wawili, bosi, nikuletee na alama za vidole vyao? Nimeichana. Siwezi kuamini karatasi yoyote kuanzia sasa.

Mpango wa kesho, kwa mpangilio:

Kwanza, kwenye kura kidole cha mbunge hakidanganyi. Pili, Mechteld hukaa kushoto kwangu, nami nakiona kidole chake vizuri. Tatu, anachotaka yeye ni niangamie. Kwa hiyo akibonyeza kitufe cha kijani, cha kukubali, mimi nyekundu, cha kukataa. Akibonyeza nyekundu, mimi kijani. Rahisi hata mtoto angeelewa.

Chakula cha jioni: mkate, jibini, maziwa ya mtindi. Nalala kwa amani.

Alhamisi, 14 Desemba. Strasbourg.

Sijui nianzie wapi.

Spika anataja namba kama mnadi samaki. Pendekezo la 44, limepita. La 45, limeanguka. Mimi macho yangu yako kwenye kidole cha Mechteld. La 46. La 47! Akabonyeza nyekundu, haraka, kwa nguvu. Nikajiambia, ahaa! Nikabonyeza kijani. Kwa nguvu zaidi.

Ubaoni: 301 wanakubali, 300 wanakataa. Pendekezo la 47 limepita kwa kura moja.

Mechteld akanigeukia amepauka. Akauliza, Wiebren, umefanya nini? Nikasema, nimekujua. Akasema, la 47 ndilo linalofuta Kifungu cha Sita!

Ndivyo lilivyo. Nalijua kwa moyo. Nilikesha siku tatu nikiandika hotuba ya kulipinga.

Nikakimbia mezani kwa makarani. Wakanipa fomu ya kusahihisha kura. Nikajaza kwa herufi kubwa: NILIKUSUDIA KUKATAA. Karani akanishukuru kwa upole, akasema kusudio langu litaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao milele. Matokeo, hata hivyo, hayabadiliki.

Lubbert Koffeman, mwenyekiti wa wakausha mikunga wa Oosterwiel, akapiga simu kabla sijafika mlangoni. Akauliza, wewe bwana, tulikutuma ukatutetee au ukatuzike? Nyuma yake nilisikia mtu anauliza nikirudi nitamfundisha nani jiografia, maana mimi mwenyewe nimepotea njia.

Jioni Gerda akaniletea kahawa na biskuti moja. Akasema shairi aliandika yeye. Kila mwaka anaandika yeye. Mwaka jana nilifananishwa na punda na nikacheka sana.

Nimemshukuru. Anamlinda Mechteld, maskini. Wamemfundisha la kusema.

Jumamosi, 16 Desemba. Amersfoort.

Kamati. Watu watatu, thermosi moja. Mechteld ni namba moja. Namba mbili ni daktari mmoja wa mifugo kutoka Zwolle. Mimi ni wa ishirini na mbili. Wa mwisho! Juu yangu yuko Abe Terwisga, mzee wa miaka sabini na minane aliyewahi kushinda mbio za kuteleza kwenye barafu.

Mwenyekiti akasema, Wiebren, wenzako wengine hawakutaka hata jina lako lionekane. Mechteld ndiye aliyesimama nusu saa nzima akikutetea.

Nusu saa! Mtu hatumii nusu saa bure.

Jumapili, 17 Desemba. Oosterwiel.

Saa kumi jioni simu ikalia. Mechteld. Daktari wa mifugo amejitoa, mkewe amekataa kuhamia Brussels. Mechteld ameshazungumza na kamati, nao wamekubali. Nafasi ya pili ni yangu, ila nijibu kabla ya saa kumi na mbili, orodha inafungwa. Akasema, Wiebren, tafadhali, mara hii moja tu niamini. Sema ndiyo.

Tafadhali! Nilitazama dirishani. Mke wa daktari ameona nini ambacho mimi sikioni? Kwa nini haraka? Kwa nini Jumapili? Na kwa nini sauti yake ilikuwa karibu na machozi, kama si maigizo?

Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi si mtoto. Nafasi ya ishirini na mbili nimepewa mbele ya mashahidi, na siondoki. Akasema basi, Wiebren. Basi.

Nimekaa na saa mkononi. Kumi na moja na nusu. Kumi na mbili kasoro tano. Kumi na mbili kamili. Simu haikulia tena. Nimemshinda!

Kumi na mbili na robo, redio imetangaza kwamba nafasi ya pili amepewa Abe Terwisga.

Maskini mzee wa watu. Ameingia mtegoni mzima mzima, tena namsikia redioni anacheka.