Ombi la Kuihamisha Seva Kutoka Rafu ya Vitambaa Vyangu

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, kaka mkubwa wa mume wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, hasa seva.

Utaikumbuka ile laptopu ya mdogo wako, iliyovunjika bawaba na kung'oka kitufe cha herufi M. Wote tulijua imekwisha. Mwezi uliopita aliifungua juu ya meza yangu ya kukatia, akaipuliza vumbi, akatoa betri iliyovimba, akaitia diski mpya, kisha akatangaza kwamba haikufa, imepandishwa cheo. Sasa ni seva ya nyumbani. Maana yake, kwa maelezo yaliyochukua saa nzima, ni kwamba inakaa imewashwa daima ikitutunzia picha na nyaraka. Nilipouliza nani alikuwa akizitunza siku zote, alisema, "Hujaelewa, mama watoto." Kweli sijaelewa. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyesimamia ndoa yetu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Makazi. Mimi ni fundi cherehani na kazi naifanyia nyumbani. Nilikuwa na rafu moja ya vitambaa, karibu na dirisha. Sasa hapo inakaa seva, na vitambaa viko chini ya kitanda. Nimeelimishwa kwamba satini haihitaji hewa.

2. Feni. Seva inapata joto. Feni tunayo moja. Sina haja ya kuendelea.

3. Pasi. Nikichomeka pasi, swichi kuu inaruka na seva inazimika, kwa hiyo siku hizi napiga pasi kwa kibali. Wiki iliyopita mteja alisimama mlangoni akisubiri sketi yake, nikachomoa waya wa seva ili nichomeke pasi. Mume wangu alikuwa kazini, upande wa pili wa mji. Hazikupita dakika tatu, simu ikaita: "Nani kaigusa?" Shemeji, mwaka jana nililala na homa siku nne. Simu ile haikuita hata mara moja.

4. Wageni. Shangazi yenu alipofika kutoka safari ndefu, alionyeshwa seva kabla ya kuonyeshwa choo. Alisimama amebana magoti, mzee wa watu, akisikiliza umuhimu wa nakala za akiba.

5. Watoto. Binti yetu aliambiwa shuleni aandike kuhusu familia yake. Aliandika kwamba tuko watano. Tuko wanne. Mwalimu wake amenitumia pongezi za kujifungua salama.

Kwa hayo yote, naomba uchague moja. Ama uje na gari uichukue mashine hiyo ukaishi nayo wewe, ama umwamuru mdogo wako aniandikishe na mimi kuwa kifaa. Sifa ninazo: nimetumika miaka kumi na minne, nina joto, na magoti yangu yanalia kama bawaba ile. Nitaridhika kuwekwa karibu na dirisha na kuulizwa kila asubuhi kama nafanya kazi vizuri. Diski mpya sidai.

Nisalimie mkeo, watoto, na Shangazi akipita kwako. Mwambie choo ni mlango wa kushoto.

Mimi, kwa heshima zote na subira iliyobaki kidogo,
Shemeji yako, fundi

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku mbili nikitafuta bahasha. Katika siku hizo bomba la jirani wa juu lilipasuka, maji yakaingia kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, wino wote ukawa uji. Jumamosi nina bibi harusi na wasindikizaji sita. Nilikaa sakafuni nikalia, wala si kwa ajili ya harusi. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile aliuandika marehemu mama kwa mkono wake, siku aliponifundisha kupima. Mume wangu akanipa simu yake. Kurasa zote zimo, kuanzia ule wa mama. Alizipiga picha mwezi uliopita nikiwa sokoni, akaziweka kwenye seva.

Basi usije na gari. Barua hii ningeichana, lakini nimekuta nayo imo humo tayari, mwanzo hadi mwisho, kwenye folda aliyoiita "Mke wangu".