Ombi la Kungojewa Nife Kwanza

Ndugu Mkurugenzi wa Kuzuia Rushwa,

Pole na kazi. Nimelificha jambo hili hata kwa marehemu mke wangu: nilipokuwa mkaguzi mkuu wa fulana za kuzuia risasi jeshini, nilihongwa na wakala wa kiwanda cha ng'ambo. Daktari amenipa wiki chache, ndiyo maana nimepata ujasiri.

Hata hivyo, naomba uchunguzi wenu usubiri hadi nizikwe, ili mjukuu wangu wa kike, koplo anayenitunza tangu miguu ife ganzi, asafiri Ijumaa kwenda mpakani bila kusikia aibu ya babu yake. Sababu zangu ni hizi:

1. Hongo yenyewe ilikuwa ya heshima. Wakala hakunipa bahasha hata siku moja, alinitengenezea meno. Ndiyo haya ninayotafunia mpaka leo. Mkiyachukua kama ushahidi, nitajitetea mahakamani kwa ufizi?

2. Mwaka jana mliniita ofisini. Nikaja na mkongojo wangu, nikidhani mmenigundua, nimejiandaa kukiri. Vijana wako wakanidaka mlangoni, "Shikamoo babu, chai ya maziwa au ya rangi?" Kabla sijajibu wakanikabidhi Cheti cha Uadilifu. Pichani nacheka kwa meno yale yale. Mkinishtaki leo, aibu ni yenu.

3. Sheria yenu mpya inataka wakaguzi wawili watie sahihi. Aliyerithi kiti changu ananilalamikia kwenye simu: "Mzee, wakala kachoka, siku hizi kila mzigo una vinywa viwili!" Mimi nilikuwa kinywa kimoja tu. Taifa lilipata nafuu.

4. Kanuni ilitaka tutoe fulana moja kila mzigo, tulivishe sanamu la mbao, tulipige risasi. Wakala, kwa ukarimu wake, alituepusha na adha ya kufungua makasha: alikuja na fulana ya majaribio kwenye begi lake. Miaka tisa, ile ile, yenye kiraka kwapani. Haikutoboka hata mara moja. Kuishuku fulana kama hiyo ni kuionea.

Basi msiharakishe. Marehemu hakati rufaa.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa dada wa chai na yule mpiga picha.

Ni mimi, mwenye cheti chenu,
Mkaguzi Mkuu (mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, mjukuu akaingia kuniaga. Kikosi chao kimegawiwa fulana za akiba kutoka ghala la zamani. Ndani ya ukosi wa yake nikaona sahihi yangu.

"Vua hiyo, mama," nikamwambia.

Akacheka. "Nivue? Babu, nimeigombania hii! Si umeipima mwenyewe?"

Nikayavua meno, nikaifungua tena bahasha.

Ndugu Mkurugenzi, usingoje mazishi. Njoo leo, uchukue cheti, uchukue na meno, ila makasha yafunguliwe kabla ya Ijumaa. Katika fulana zote walizogawiwa wale watoto, sikupima hata moja.