Uzinduzi wa Mashine ya Kutaja Ukoo wa Uvimbe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti huyo, waheshimiwa wake zao, Mganga Mkuu, wadau wa maendeleo, wagonjwa mlioteremshwa vitandani ili mje kunipigia makofi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na mimi pia nimezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, zamani daktari akikutana na uvimbe wa mfupa au wa tishu laini, alichungulia kwenye darubini, akakuna kichwa, akasema, "Saratani ni saratani, ila ukoo wake siujui," na kwa kuwa kila ukoo una tiba yake, tukabaki kupiga ramli. Lakini leo, kwa mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu nilioubuni mwenyewe nikiwa naoga, mashine hii mnayoiona chini ya shuka itasoma vinasaba vya uvimbe, molekuli kwa molekuli, na kuutaja ukoo wake kwa usahihi wa asilimia mia moja na nne! (Vigelegele. Daktari wa mifupa anashika kichwa.)

Mama wewe pale mbele, hebu simama. Ndugu zangu, binti wa mama huyu ana uvimbe gotini. Ukiwa wa ukoo mmoja, dawa zinatosha. Ukiwa wa ukoo mwingine, mguu unakatwa. Futa machozi, mama! Kipande cha uvimbe kimo ndani ya mashine tangu asubuhi, nimekiingiza kwa mkono wangu huu mbele ya kamera. Sikilizeni inavyonguruma! Inafikiri hiyo! (Vicheko. Mama: "Mungu akuweke, baba!")

Wapo wenye husuda wanaouliza mbona ina waya mmoja tu. Mwenye wivu ajinyonge! Vinasaba! (Oyee!) Molekuli! (Oyee!) Goti la binti! (Oyee! Oyee!)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati ndugu yangu mwenye duka la vinywaji, ambaye, kwa vile mashine yenyewe bado iko kwenye mchakato wa kufikiriwa, alituazima friji lake. Ameshawasha gari hapo nje, anasubiri kulibeba friji, tusimcheleweshe. Vuteni shuka, kila mtu ajichukulie soda. (Shuka linavutwa.)

(Mama: "Na kipande cha mwanangu?")

Kimo humo humo kwenye kichupa chake, mama, rafu ya chini, nyuma ya soda za machungwa. Kimepoa vizuri kabisa!

(Daktari anaruka meza.)

Daktari, taratibu! Unakipeleka wapi hicho kichupa? Maabara ya kweli? Na wewe mama, mbona unapanda gari la soda? Dereva, zima gari! Jamani, rudini, hatujapiga picha!