Mashua ya Katikati

Jumatano, 27 Juni 1962

Athumani amepata diplome. Mutoto wangu, wa tumbo hili hili, ni mwalimu. Haya, daftari, amahoro, sasa nimekusalimia. Ameshuka leo kutoka Usumbura na kalamu mbili mfukoni. Mbili. Moja ni ya kuandikia, ya pili nadhani ndiyo ya diplome.

Jumapili ni Uhuru. Sisi tunaoishi mashuani hapa Rumonge tutakula pamoja kama siku ya Idi: mashua zinafungwa ubavu kwa ubavu, kutoka ufukoni kwenda ziwani, na ya katikati ndiyo ya heshima. Hapo ndipo hotuba inasomwa. Tuko mashua tatu. Ya kwanza, karibu na nchi kavu, ni ya Mzee Bakari. Ya pili ya Biasha. Ya tatu yetu, na nyuma yetu maji matupu. Miaka minne Biasha katikati! Akija kuazima chumvi anatembea kama mke wa administrateri.

Safari hii hotuba atasoma Athumani, na ataisoma kwenye mashua ya mama yake. Nimeapa.

Alhamisi, 28 Juni

Akili imenijia nikichambua ndagala. Mwerevu hahami, anaongeza. Nikipata mashua mbili za kufunga nyuma yangu, zitakuwa tano, na wa tatu ni mimi.

Nimemweleza mume wangu. Ramazani akasema si nimwombe tu Biasha anipishe, yule si mtu mbaya. Nahodha hodari, Ramazani, lakini vita vya wanawake havijui.

Nimetuma salamu kwa Lukeba, yule Mukongomani wa Uvira anayepakia mawese Kigwena. Ana mashua mbili. Nimemwahidi pilau ya mbuzi. Akauliza, na mabaharia wake je? Nikajibu waje wote, kwangu hakuna mlango. Sikuuliza wako wangapi.

Ijumaa, 29 Juni

Nimeshona bendera mpya ya mlingoti wetu. Nyekundu, nyeupe, kijani, na ngoma katikati. Niliiona mara moja tu, kwenye karatasi ya ofisini. Kijani nimekata kwenye kitenge changu cha mananasi.

Biasha akapita, akatazama, akauliza kwa sauti ya asali: "Dada Mwavita, huu ni Uhuru wa sufuria?" Nikamwambia ni ngoma. Akasema basi inakaribia kuiva. Mabaharia wa Mzee Bakari walicheka mpaka mmoja akaangusha sabuni ziwani. Imezama. Nimefurahi.

Binti wa Biasha, Mwanahamisi, hakucheka. Alisema bendera inapendeza. Mutoto mwema, sijui kamrithi nani. Athumani akaenda kumsaidia kuchota maji. Kusaidiwa kuchota maji, sisi tunaolala juu ya maji! Kumbe diplome inafundisha na upole.

Jumamosi, 30 Juni

Lukeba amefika. Mashua mbili, watu kumi na tisa. Nimewahesabu mara mbili, na mara ya pili pia walikuwa kumi na tisa. Mbuzi iko moja.

Lakini tumefunga kamba. Tano. Niko katikati. Nimesimama ukingoni mchana kutwa bila kazi yoyote ili Biasha anione. Yeye anapaka mikeke chumvi, beseni mbili zimejaa. Nikamhurumia. Samaki wote hao, nani atawala kwenye mashua ya pembeni?

Jumapili, 1 Julai

Bendera ya Wabelgiji imeshuka, yetu imepanda. Nimelia. Hata karani wa ofisi alilia. Kisha watu wote wakashuka ufukoni kuja kwetu.

Sasa andika polepole, Mwavita. Mtu akitoka nchi kavu kuja katikati, anapita kwanza kwa Mzee Bakari, halafu kwa Biasha. Na Biasha alikuwa amesimama hapo na mikeke ya kuchoma na pilipili. Karibu, kaa kidogo, murakoze, asante kuja. Mtu aliyekaa kidogo na mukeke mkononi haondoki tena. Shehe alikaa. Karani alikaa. Mwalimu mkuu alikaa, na mke wake, na mama mkwe wake.

Kwangu walikuja wale kumi na tisa, kutoka upande wa ziwa, ambako hakuna wa kuwazuia njiani. Pilau iliisha nikiwa bado natafuta kijiko changu. Lukeba akasema, "Mama, Uhuru ni mtamu," akauliza kama kuna ukoko.

Nikamwita Athumani aje asome. Hayuko. Yuko kwa Biasha, juu ya pipa la mawese, anasoma. Kwa kelele za wale kumi na tisa nilisikia maneno mawili tu: "uhuru" na "mama yangu". Watu walipiga makofi sana. Nikapaza sauti kwamba huyo ni wangu. Waligeuka, wakaona mwanamke chini ya bendera ya sufuria, wakarudia mikeke yao.

Aliposhuka alikaa karibu na Mwanahamisi. Mfukoni ilikuwa imebaki kalamu moja. Ya pili ilikuwa mkononi mwa binti.

Jumatatu, 2 Julai

Athumani anataka kuoa. Ameniambia nikiwa nasugua sufuria, mikono imejaa masizi, nisiweze kumshika. Kijana wangu ana akili.

Biasha amekuja na mikeke miwili aliyoniwekea tangu jana. "Mama Athumani, ulishinda njaa huko katikati." Nimekula yote. Akasema karamu ya posa iwe kwangu, na mashua yangu ifungwe ya kwanza kabisa, karibu na nchi kavu, ili wageni wanifikie mapema. Ramazani akaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Mimi namjua Biasha. Anataka kuniweka pembeni. Nimejilaza nikifikiri, na kosa la jana nimeliona: mashua zilikuwa chache. Nimetuma salamu Kabonga na Nyanza-Lac waniletee nne, mbili mbele yangu na mbili nyuma. Zitakuwa tisa, na mimi wa tano, katikati kabisa. Bendera itapanda tena. Mbuzi safari hii wawili. Lukeba ameshakubali, na anasema ana binamu zake. Mwezi utakuwa mkubwa, wavuvi wa taa hawatoki, hakuna wa kunipa kisingizio: karamu ni Ijumaa, tarehe 20 Julai, waje wote.