Kumfunga Duni

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Leo programu ya sataranji imeniletea ripoti kwenye simu. Sikuiomba. Nilikuwa dukani, nimeegemea majora ya vitambaa, nasubiri mteja wa mapazia. Simu ikalia. Nikafungua nikidhani ni pongezi.

Maendeleo: ya polepole. Mtindo: mshambuliaji asiye na subira. Maeneo ya kuboresha: hutoa malkia mapema mno, hatazami mwenzake anapanga nini.

Nina duka Mchangani. Nimelea, nimesomesha, nimeozesha. Simu inaniambia sina subira. Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu Bashira aisome, nikitaraji kuhurumiwa. Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho, halafu akauliza kama hao watu wa simu wamewahi kukaa na mimi nyumba moja.

Ripoti ningeisamehe. Tatizo ni Duni.

Duni ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Anakaa Mtoni, amestaafu, na kazi yake sasa ni kucheza sataranji kwenye simu kila alasiri na kunifunga. Hajui kama mtu anayecheza naye ni mimi. Humo ndani mimi najiita Amirijeshi. Jina analotumia yeye nililipata kwa Bashira, naye kalipata kwa Rukaiya, mke wa Duni. Wake zetu wanazungumza kila siku. Sisi hatusemezani tangu matanga ya mama.

Nieleze kidogo, ijapokuwa hapa hasomi mtu ila mimi. Mama alizidiwa akiwa kwa Duni. Nilipopigiwa simu na kufika, nilikuta keshafumbwa macho. Siku ya khitma, mbele ya jamaa wote, nikamwambia Duni alinichelewesha makusudi, ili radhi za mama azipate peke yake. Hakujibu. Alitazama mkeka tu. Kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ni kukiri.

Tangu hapo nasubiri aje. Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa hamfuati mdogo. Mdogo ndiye anayekuja na shikamoo yake mkononi.

Kwa hiyo mpango ni huu. Nimfunge mara moja tu, kisha nimwandikie humo humo: "Aliyekufunga ni kaka yako." Atakuja. Mtu akishindwa huwa mnyenyekevu. (Mimi nimeshindwa mara nyingi na sijabadilika, lakini kila kanuni ina mtu wake.)

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya subira. Nimejiapiza kutomgusa malkia mpaka kete nyengine zote zishatoka.

Nilianza mazoezi tangu asubuhi, kichwani, huku nafanya kazi. Alikuja Bi Ummkulthum wa Jang'ombe na vipimo vya madirisha. Mwanawe anaoa na nyumba inapambwa. Mama mzuri, mteja wa zamani. Nikakata kitambaa huku nawaza farasi apite wapi. Nikakata chote. Alipokuja kuchukua, akanyanyua pazia moja juu ya mwanga, akalitazama, akauliza kwa adabu kama hayo ni mapazia au ni leso za madirisha. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akaniambia mtindo huo nikautundike kwangu.

Baada ya alasiri nikacheza na Duni. Nilitulia. Malkia wangu alikaa nyumbani kama bi harusi, hakuchungulia hata dirishani. Alikaa mpaka Duni akamfuata humo humo ndani na kumkamata, amezungukwa na askari wake mwenyewe, hana pa kukimbilia.

Nimejifunza jambo: subira ni ya watu wenye nafasi.

Bashira ameuliza kwa nini nisipande gari tu nikaenda Mtoni. Nimemkumbusha nani mkubwa. Akasema anajua nani mkubwa, anachotafuta ni nani mtu mzima. Sikupenda alivyolisema.

Jumanne, 20 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa na Mansour.

Mansour anauza simu duka la pili kutoka langu. Kijana mwerevu, ana ulimi mtamu. Aliniazima simu ya pili yenye programu nyengine, ambayo ukiionyesha mchezo inakwambia ucheze nini. Alisema hata mabingwa wa dunia hawaiwezi. Nikamuuliza kama si kudanganya. Akasema inategemea unamuuliza nani. Nikaona jibu hilo linanitosha.

Nikamwalika Duni mchezo wa polepole, ule ambao kila mmoja ana siku nzima ya kufikiri kwa kila hatua. Akakubali, ila akajibu haraka haraka, kama kawaida yake. Simu moja mkono wa kulia, simu ya pili mkono wa kushoto. Programu inasema, mimi nasogeza. Mambo yakawa sawa, hakuna anayemzidi mwenzake, na nikaanza kuona kinyaa. Nilijiona kama mtu anayetumwa dukani.

Leo baada ya alasiri programu ikaniambia nimrudishe farasi nyuma. Nyuma! Nikaitazama ile simu ya kushoto, nikaizima, nikaitia kwenye droo ya meza. Nikamtoa malkia, nikampeleka mbele kabisa, peke yake, kwa mtindo wangu mwenyewe.

Duni akakosea. Alimwacha malkia wake wazi, bila mlinzi. Duni! Tangu tuko wadogo sijamwona kufanya hivyo. Nikamla. Kwa haraka yangu kitufe nilikikosa mara ya kwanza.

Kisha kimya. Hakujibu.

Nimekaa barazani na chai yangu, nafikiri. Ripoti inasema sina subira. Lakini mtindo wangu ndio uliomvunja, si subira ya programu. Laiti ningejua ripoti hizi zinajibiwa wapi.

Jumatano, 21 Agosti

Siku hii nataka kuiandika kama ilivyokuwa, ijapokuwa sipendi ilivyokuwa.

Asubuhi Duni hajajibu. Adhuhuri hajajibu. Saa ya mchezo inahesabu kushuka. Nikajua anaogopa. Simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa vifungo ili niione hata nikiwa na mteja.

Bashira akaja dukani, amevaa baibui, mkoba begani. Akaanza kusema, "Duni..." Nikanyanyua mkono. Nikamwambia habari za Duni nitazisikia saa ikimalizika, si kabla, zisije zikaniharibia. Alipandisha mkoba begani. Halafu akasema anakwenda kwa Rukaiya, akaondoka bila ya kuniaga vizuri.

Baada ya alasiri saa ikaisha. Simu ikaandika: Umeshinda. Nikaandika yale maneno yangu, "Aliyekufunga ni kaka yako," nikayatuma. Nikafunga duka mapema, nikaenda Forodhani kujipongeza. Niliagiza urojo, nikaweka kila kitu, kachori, bajia, mayai. Nikakaa na bakuli langu katikati ya watu. Sikuona ladha. Nikaongeza pilipili. Bado. Nilidhani ushindi una ladha yake na mimi tu sijauzoea.

Nyumbani nilimkuta Bashira amekaa kwenye kiti cha mlangoni, baibui hajalivua. Aliniambia Duni alianza kuumwa tumbo jana mchana, akajikaza, mpaka magharibi akaanguka chooni. Kidole tumbo kimepasuka. Wamempasua usiku ule ule, na mpaka leo asubuhi daktari alikuwa hasemi kama atapona au hatapona. Sasa kaamka. Simu yake alikuwa nayo Rukaiya, na ujumbe wangu ulipoingia alikuwa anasoma Yasini.

Kwa hiyo lile kosa la malkia lilikuwa maumivu. Sikuwa nimemvunja mimi.

Nikasema, polepole, kwamba yeye ndiye mdogo. Sijui kwa nini nilisema. Labda ni mazoea.

Bashira alinitazama, akasema: "Baba Nusrat, aliyekuwa akikusukumeni nyinyi wawili mpaka mkapeana mikono keshazikwa. Mimi nshachoka kuwa badala yake."

Akaingia ndani. Chakula nilijipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekwenda hospitali. Lakini si kumfuata Duni. Nilikuwa na mpango.

Niliingia wodini na mfuko wa machungwa, nikapita mbele ya kitanda cha Duni kama mtu asiyemjua, nikaenda kitanda cha pili. Hapo alikuwa amelala mzee mmoja wa Tumbatu, mguu juu, hana mgeni. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamwekea machungwa. Kusudi langu ni Duni anione, aniite yeye mwenyewe, na hapo itakuwa mdogo ndiye aliyeanza.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Alinishika mkono hakuuachia. Aliniuliza mimi mtoto wa nani, wa mji upi, na kama ndiye yule mjukuu wa dada yake aliyepotelea Mombasa. Nilisema siye. Akasema nimefanana naye. Alinisimulia mguu wake ulivyovunjika, tangu ngazi ilipoteleza mpaka kufika hapo. Mimi nilikuwa natazama pembeni kwa jicho moja. Duni alikuwa amenigeukia. Amekonda uso, midomo mikavu. Amefanana na mama, nikashtuka.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba."

"Amirijeshi, machungwa yangu umempa mwengine."

Nikasogea, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake. Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ya kwanza," akasema. "Nani mwengine anamtoa malkia kabla hajanywa chai?"

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema angesema nisingecheza tena. Na kwa kucheza alikuwa kila alasiri anajua kuwa niko hai na nimekasirika, yaani niko salama.

Halafu akaniambia habari za mama, na hakuwa akiniangalia, alikuwa anaangalia feni. Siku ile kulikuwa na mvua kubwa na mimi nilikuwa na homa. Yeye alitaka kunipigia tangu mapema. Mama ndiye aliyemkataza. Alimwambia, kaka yako Haroub asitoke mpaka mvua ikatike, ataumwa zaidi. Akamtii, na mvua ikachelewa kukatika.

Nikamuuliza kwa nini hakuyasema haya mbele ya jamaa, siku nilipomtukana.

"Ungejuta maisha yako yote," akasema. "Nikaona bora unikasirikie mimi."

Mzee wa Tumbatu alikuwa anamenya chungwa. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, maneno mazuri, ya mtu mzima. Nilifungua mdomo ili niyatoe. Nikasikia sauti yangu inasema kwamba hata hivyo, ya jana nimemfunga.

Duni alicheka. Alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili na machozi yanamtoka, mpaka muuguzi akaja akauliza nani anamchekesha mtu mwenye nyuzi. Mzee wa Tumbatu akaninyooshea kidole. Nikatolewa.

Nimerudi kwa miguu kipande kikubwa cha njia. Nilikuwa nalia, lakini kulikuwa na vumbi pia.

Jumatatu, 26 Agosti

Duni katoka hospitali. Leo tumekwenda Mtoni, mimi na Bashira, na chupa ya uji.

Nilikwenda na nia safi. Bashira alinifundisha njia nzima: usizunguke, usitoe sababu, sema tu, nisamehe Duni, nilikudhulumu. Nikayarudia mpaka nikayahifadhi. Tulipofika, yeye na Rukaiya wakatoka uani makusudi, wakatuacha wawili chumbani. Duni alikuwa ameegemea mito. Nikakohoa kusafisha koo.

Kabla sijaanza, akasema kuwa ushindi wa kumaliza saa wakati mwenzako yuko chini ya kisu si ushindi. Akasema tuupange mchezo pale ulipokatikia, kwenye ubao wa kweli, tuumalize kiume. Ubao wa baba ulikuwa juu ya kabati. Mimi nina malkia, yeye hana.

Nikamtazama. Kapauka. Dawa zimemlegeza macho. Nikafikiri kwa utulivu kabisa, na sidhani kama nilikosea. Kuomba msamaha kunamlainisha mtu, na mtu laini hawezi kushambulia. Tena msamaha ukiombwa na mshindi una uzito wake, unaonyesha hakulazimishwa. Kwa hiyo nimalize mchezo kwanza, nimfunge, kisha nimwombe radhi. Nikaupanga ubao.

Duni alikuwa anasinzia kati ya hatua na hatua. Anafungua macho, anasogeza kete, analala tena. Nilimhurumia. Mara moja nilimfunika shuka begani. Alipoamka mara ya mwisho alisogeza ngome, akaniambia kwa upole kuwa mfalme wangu hana pa kwenda.

Nikatazama. Kweli hana.

Sasa ningewezaje kuomba msamaha? Mtu akiomba radhi papo hapo baada ya kufungwa, ataonekana ameomba kwa sababu amefungwa. Nikamwambia apumzike, uji unywewe ukiwa moto.

Njiani Bashira aliuliza kama nimesema. Nikamweleza yote: nitasema siku nitakayomfunga, na kwa nilivyouona mchezo wa leo, haiko mbali.

Akafungua dirisha la gari. Kisha akasema, kama ndivyo, basi bora huo msamaha niuandike kwenye wosia, wanangu waje waniombee kwa Duni.

Bashira mwanamke mwema, lakini hajui sataranji.