Pindo la Mfalme wa Java

Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Baada ya leo, hata hilo "mtarajiwa" nalitilia shaka.)

Furaha, mchumba wangu, yuko zamu hospitalini Flemingsberg, akaniachia mama yake nimtembeze mjini. Aliniambia waziwazi: "Mama anataka kukuona ulivyo. Jiheshimu." Nikampeleka makumbusho, kwenye maonyesho ya wafalme wa Java. Mahali pa heshima, nitaonekana msomi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Majambia, taji, magongo ya shaba. Nasoma vibao vya Kiswidi, namtafsiria, naye anaitikia, "Eeh, mutoto, ulisoma kweli." (Nilivimba.)

Tukafika kwenye batiki za ikulu, zimetundikwa wazi, kamba tu mbele yake. Mama akasimama. Mama wa Bukavu hapiti kitenge bila kukikagua.

"Mutoto wangu, hii balitengeneza na mukono ao na mashini?"

Jibu lilikuwa kwenye kibao. Ningesoma tu. Lakini mimi nimezaliwa na muuza vitenge, na kwetu kitenge hakisomwi kibao. Unashika pindo, unaligeuza, unaangalia kama rangi imetokea nyuma; ikitokea, ni kazi ya mkono.

"Ngoja nikuhakikishie, mama."

Nikavuka kamba. Nikashika pindo, nikalisugua kwa vidole, nikaligeuza.

Kengele ikalia jengo zima.

(Rangi imetokea nyuma, kwa wanaotaka kujua.)

Mlinzi akaja mbio, akanieleza kwa sauti kubwa kwamba nguo ile zamani ilivaliwa na ukoo wa mfalme tu. Pembeni kulikuwa na darasa la watoto wamekaa sakafuni. Mwalimu wao akaninyooshea kidole: "Mnaona? Ndiyo sababu tunasema hatugusi." Watoto wakanitazama kwa huruma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mlinzi akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kiswidi, "Mko pamoja?"

Huyu mama siku zote anasema Kiswidi hakimwingii kichwani. Hata akiulizwa jina lake, anamsubiri Furaha amjibie. Leo alielewa neno kwa neno.

"Nej," yaani hapana, akasema, kwa lafudhi safi kabisa. "Simjui." Na hilo la pili alilisema kwa Kiswidi vilevile, kisha akahamia chumba kingine.

Nimemrudisha nyumbani kwake Upplands Väsby kwa treni, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma. Naomba mtu asicheke. Furaha akitoka kazini atamuuliza mama yake ananionaje, na mama alishatoa jibu mbele ya mlinzi.